Kasha la kawaida, la vituo au la ardhi: uanze na lipi ukienda hifadhi ya jimbo?

Alama zimejaa kwenye ramani kama nzi juu ya embe lililoiva. Ndivyo alivyonieleza jirani yangu hapa Columbus, Ohio, baada ya kuweka kwenye simu programu ya jiokeshi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata GPS, na kufungua ramani ya hifadhi aliyopanga kuwapeleka wanawe Jumamosi. Kuna za kijani, za njano, na za bluu zenye alama ya kuuliza. "Dada, mimi nianze na lipi?"

Sikumjibu palepale. Sikujua anakwenda na magoti ya nani, mtoto wake mdogo huvumilia dakika ngapi kabla ya kuanza kulia, wala simu yake ina betri ya namna gani. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama hapohapo.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kasha porini, anaandika latitudo na longitudo yake mtandaoni, wewe unafuata namba hizo kwa simu hadi ulipo mficho, unalifungua, unasaini daftari lililomo ndani na kulirudisha kama ulivyolikuta. Kwa Kiingereza kasha hilo huitwa kwa neno linalotamkwa sawasawa na "keshi", zile fedha taslimu. Nilipomwambia shemeji yangu kwamba Jumamosi tunaingia msituni kutafuta keshi, saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni na begi tupu mgongoni. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema kasha, neno tulilokuwa nalo siku zote, na hakuna aliyepoteza usingizi tena.

Mchezo una tarehe ya kuzaliwa inayojulikana. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga makusudi ishara ya setilaiti za GPS wanayopata raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ukazimwa kwa amri ya Rais Bill Clinton. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Ndani aliweka daftari, penseli, vitabu, manati na kopo la maharage. Hazikupita siku tatu, mtu akaifikia. Leo chakula ni marufuku ndani ya kasha, kwa sababu wanyama wana pua, kwa hiyo ndoo ile ya kwanza isingepita ukaguzi.

Kwa nini hifadhi za jimbo? Mjini utaambulia vikopo vidogo vilivyobandikwa kwenye nguzo za taa za maegesho, vya kuchosha. Hifadhi za taifa nazo kwa kawaida haziruhusu makasha ya kuficha bila kibali maalumu. Hifadhi za jimbo zimekaa katikati: msitu upo, njia zina alama, vyoo vipo, na mameneja wengi huwapa waficha kibali wakishakubaliana mahali. Ohio hailipishi kuingia. Majimbo mengine kama Minnesota na Michigan hutoza kwa gari, na Texas hutoza kwa kichwa. Tazama kabla ya kupakia watoto.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila aina kwa mambo matano. La kwanza ni miguu na muda: mwendo ni wa kiasi gani, na unaweza kuukatisha ukichoka? La pili ni kupata au kukosa, maana wapo watu, wadogo kwa wakubwa, ambao kurudi mikono mitupu huwaharibia siku nzima. Kisha inakuja simu, yaani unahitaji mtandao na chaji kiasi gani ukiwa mabondeni ambako minara haifiki. La nne ni nani anafaa kwenda. La mwisho ni unabaki na nini mkononi au kichwani ukisharudi nyumbani.

Kabla ya yote, zoea kusoma nyota. Kila kasha lina vipimo viwili, kimoja cha ugumu wa kulipata na kingine cha ugumu wa njia, kutoka 1 hadi 5, na huongezeka kwa nusu nusu. Njia ya 1 maana yake hata kiti cha magurudumu kinafika. Njia ya 5 maana yake unahitaji vifaa, iwe kamba au mtumbwi. Watu husoma jina la kasha, wakalipenda, wakaenda. Soma nyota kwanza.

Kasha la kawaida

*Miguu na muda.* Hili ndilo rahisi kulieleza: namba ulizopewa ndipo kasha lilipo, basi. Makasha hayaruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161, kwa hiyo kwenye njia ya mzunguko ya kilomita tatu unaweza kukuta manne au matano, na ukaacha popote pale ulipochoka. Mtego ni mshale wa simu. Utakuambia zimebaki mita 120, usijue kwamba kati yako na kasha kuna korongo. Usikate porini. Fuata njia hadi mshale uelekee ubavuni kwako kabisa na umbali uache kupungua. Hapo ndipo pa kuangalia pembeni, na mara nyingi ni hatua chache tu kutoka njiani.

*Kupata au kukosa.* Simu ya kawaida, mahali pa wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya miti minene au kando ya jabali, kosa huongezeka, na mshale huanza kucheza kama kuku aliyepoteza kifaranga. Hapo mfukoni ndiyo mahali pa simu, kazi iliyobaki ni ya macho. Tafuta kilichopangwa. Msitu hauna kawaida ya kupanga vijiti sita sambamba kwenye mzizi wa mti, wala kuegemeza gome juu ya shimo la gogo.

Ukubwa nao ni kila kitu. Kasha dogo kabisa halifiki mililita 100, kikopo cha filamu ya zamani. La wastani huanzia lita 1, na mara nyingi ni sanduku la chuma la risasi lililotoka jeshini. Mwaka wetu wa kwanza nilimpeleka mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka mitano, kutafuta kikopo kilichofichwa katika lundo la mawe. Tulifunua mawe dakika hamsini. Mwishoni alikaa chini akalia kimyakimya, kile kilio cha mtoto anayejua kwamba hata mama ameshindwa. Nilipofika kwenye gari ndipo nilisoma maandishi ya waliotangulia kwenye ukurasa wa kasha mtandaoni: watatu wa mwisho wote hawakulipata, wa karibuni akiwa amekwenda miezi minne kabla yetu. Kasha halikuwepo. Kosa langu mwenyewe. Siku hizi siondoki nyumbani kabla ya kusoma maandishi matano ya mwisho, na kama mawili ya juu ni ya kukosa, natafuta jingine.

*Simu.* Mtandao hauhitajiki ukishapakua orodha na ramani ukiwa nyumbani, kwani GPS hupokea ishara kutoka angani bila bando. Programu rasmi isiyolipiwa haikuonyeshi makasha yote. Tovuti yenyewe inaonyesha zaidi, na mwenye Android anaweza kujaribu c:geo, ambayo ni ya bure. Kifaa cha GPS cha mkononi hakihitajiki kwa anayeanza. Kina faida yake kwenye baridi kali na kwa betri za kubadilisha, lakini subiri kwanza uone kama mchezo umekuingia.

*Nani anafaa.* Watoto wa kuanzia miaka minne hivi, ukichagua makasha ya wastani au makubwa yenye nyota 1.5 au 2. Mtu wa haraka. Mtu mwenye saa mbili tu kabla ya zamu ya jioni. Mzee asiyeweza kuinama atachoka kusimama akiwatazama wengine wakipekua, isipokuwa njia yenyewe ina benchi.

*Unabaki na nini.* Saini, na kitu cha kubadilishana. Ukichukua, weka chenye thamani ileile au zaidi. Nakumbuka sanduku la kwanza alilofungua binti yangu. Kishikio kilikuwa kimekaza kwa kutu, tulikisukuma kwa vidole gumba viwili, mfuniko ukaachia kwa mlio, ikatoka harufu ya karatasi iliyolala na unyevu. Ndani: daftari katika mfuko wa plastiki, penseli butu, dinosau wa kijani asiye na mkia, kadi ya mchezaji wa besiboli, sarafu ya Kanada. Alichukua dinosau, akaweka sarafu ya shilingi 500 yenye nyati, aliyokuwa ameitunza tangu tulipokwenda nyumbani. Nikamuuliza kama ana hakika. "Mama, dinosau ni mkubwa kuliko nyati." Hesabu imefungwa.

Ukikuta kidani chenye namba iliyochongwa, hicho si cha kubaki nacho. Ni msafiri. Kichukue, ukipeleke kwenye kasha jingine, kisha uandike mtandaoni umekiacha wapi.

Kasha la vituo

*Miguu na muda.* Hapa namba unazopewa ni za kituo cha kwanza tu. Ukifika unakuta kibao, ngazi au daraja, unahesabu au kusoma kitu, unaweka majibu kwenye fomula, unapata namba za kituo cha pili, na kuendelea hivyo hadi kasha lenyewe. Vituo vinaweza kuwa viwili au vinane. Tenga nusu siku. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuukatisha katikati ukasema umepata nusu. Ukiishia kituo cha tatu kati ya vinne, hakuna cha kusaini.

Uzuri wake ni kwamba mfichaji amekuwa mwenyeji wako. Kukutoa kituo hadi kituo anakuonyesha hifadhi aipendavyo yeye. Hifadhi nyingi za majimbo zina ngazi za mawe, madaraja na mabanda ya kupumzikia yaliyojengwa na vijana wa Civilian Conservation Corps kati ya 1933 na 1942, enzi za ukosefu wa kazi, wakilipwa dola 30 kwa mwezi na nyingi kati ya hizo zikitumwa kwa wazazi wao. Vibao vyao ndivyo chakula cha makasha ya vituo. Nimepita daraja moja la mawe miaka mitatu bila kulitazama, hadi siku kasha liliponituma kuhesabu matao yake. Na hiyo ya kutuma fedha nyumbani, wasomaji wangu wengi wanaijua bila kufafanuliwa.

*Kupata au kukosa.* Kosa moja la kusoma linakupeleka mbali, na inafaa kujua mbali kiasi gani. Namba za jiokeshi huandikwa kwa nyuzi, dakika na sehemu za dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Kwenye latitudo, tarakimu ya mwisho ikipanda moja umehama chini kidogo ya mita 2. Ya katikati, mita 18 na ushee. Ile ya kwanza baada ya nukta, mita 185. Mdogo wangu alisoma 8 mahali palipoandikwa 3 kwenye kibao kilichoota ukungu, na tarakimu ile ikaangukia nafasi ya kwanza. Tofauti ya tano mara mita 185 ni karibu kilomita moja. Simu ikatuambia, bila haya, kwamba kasha lipo katikati ya ziwa.

"Labda mtu alifika kwa mtumbwi," akasema. Nyota za njia zilikuwa 2. Tulirudi kwenye kibao, tukakifuta kwa kiganja, na 3 ikatoka pale ilipokuwa siku zote. Kwa hiyo piga picha kila kibao, hesabuni wawili wawili, na namba mpya ikikupeleka majini au ng'ambo ya barabara kuu, rudia hesabu kabla ya kulaumu mfichaji.

*Simu.* Hii ndiyo aina inayokula chaji kuliko zote. Ramani imewaka muda wote, kamera inafanya kazi, kikokotoo pia. Beba pawabenki. Karatasi na kalamu vilevile, kwa sababu hesabu za latitudo ni chungu kwenye kioo chenye jasho. Mtandao hauhitajiki ukishapakua maelezo.

*Nani anafaa.* Vijana wa shule ya kati, ambao kuambiwa "twende tukatembee" kwao ni adhabu, lakini ukiwapa fomula wanatangulia mbele. Wapenzi walioishiwa maneno. Kikundi cha marafiki wanne au watano, kila mmoja na kituo chake. Watoto wa chini ya miaka saba wataona ni kutembea kusiko na zawadi, kwani kasha lenyewe ni moja tu mwishoni. Wazee wanaotembea vizuri hulifurahia sana, hasa wale wa kusoma kila kibao.

*Unabaki na nini.* Hadithi ya mahali. Na saini moja tu kwa nusu siku, kama wewe ni mtu wa kuhesabu.

Kasha la ardhi

*Miguu na muda.* Jina linadanganya, maana hakuna kasha. Unakwenda mahali penye jambo la jiolojia, unasoma somo fupi, unatazama, unajibu maswali na kumtumia majibu mwenye ukurasa wa kasha hilo. Mpango huu ulianza 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani, Geological Society of America. Kwa kuwa hakifichwi kitu, hata hifadhi zenye masharti makali huukaribisha, na hifadhi za taifa pia. Mwendo hutegemea mahali, lakini maeneo mengi ni yale ambayo hifadhi imeshayatengenezea njia kwa ajili ya wageni.

Mfano ninaoujua kwa miguu yangu ni Hocking Hills, saa moja hivi kwa gari kutoka Columbus. Pale kutoka nje ya njia yenye alama ni marufuku, na watu wameshaanguka kwenye majabali yake wakafa, kwa hiyo kupekuapekua chini ya mawe hakukufai. Kasha la ardhi linakufaa. Njia ya chini ya kwenda Ash Cave ni kama mita 400, imesakafiwa, na kiti cha magurudumu kinapita.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga, magoti yake yakilalamika tangu uwanja wa ndege. Tulikwenda polepole, yeye na mkongojo, mimi na kiti cha kukunja. Njia inapinda, kisha jabali linafunguka ghafla: karibu mita 213 kutoka ncha hadi ncha, kina cha mita 30, paa juu kama mita 27, na uzi wa maji ukianguka kutoka ukingoni. Mama akasimama. Nikamwambia hili ndilo pango kubwa kuliko yote ya aina yake Ohio.

"Hili si pango, mwanangu. Pango ni Amboni. Hii ni baraza."

Nilicheka, kisha nikasoma somo kwenye simu, na kumbe wanajiolojia wanakubaliana na mama. Ash Cave ni uwazi ulioliwa kwenye uso wa jabali, wala hauingii ndani ya mlima. Mwamba wake ni mawemchanga ya Blackhand, mchanga ulioshushwa na mito kwenye bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Tabaka la juu na la chini yameshikana vizuri, la katikati limeshikana vibaya, kwa hiyo maji na barafu vimelila hilo la kati punje kwa punje na kuacha paa. Amboni ni chokaa, na kule maji yameuyeyusha mwamba wenyewe na kutoboa vyumba ndani kwa ndani. Swali la kwanza lilitaka tueleze ni tabaka lipi laini na tunajuaje. Mama, ambaye hakuwahi kusoma jiolojia, alisema mwandikie kwamba ni kama mkate uliotolewa tanuruni mapema: ganda juu, ganda chini, katikati unabonyea. Niliandika hivyohivyo. Mwenye ukurasa akatujibu kwa kicheko na kutukubalia.

*Kupata au kukosa.* Jabali la mita 213 halipotei. Kinachoweza kukuangusha ni kujibu ovyo, kwani mwenye ukurasa ana haki ya kufuta alama yako kama hukujibu au hukutuma picha pale alipoitaka. Huna haja ya kumsubiri akujibu ndipo ujiandikie kwamba umefika.

*Simu.* Mabonde ya Hocking Hills hayana mtandao wa kutegemea. Soma somo na maswali nyumbani, yapakue, na majibu utayatuma jioni. Betri haitumiki sana.

*Nani anafaa.* Wazee, mgeni aliyetoka nyumbani kwa wiki mbili na unataka kumwonyesha kitu, mwenye kigari cha mtoto mchanga, mtoto wa shule anayependa mawe. Mtoto wa miaka mitano atakuuliza kasha liko wapi, na hakuna jibu litakalomridhisha. Wangu aliniuliza mara sita.

*Unabaki na nini.* Maarifa na picha. Hakuna daftari, hakuna dinosau. Mama alipoondoka alikuwa bado anasimulia baraza ya Wamarekani kwenye simu, kila jioni, kwa kila dada yake.

Na yale ya alama ya kuuliza?

Makasha ya fumbo huwa na namba za uongo kwenye ramani. Unatatua kwanza nyumbani, msimbo au picha au hesabu, ndipo upate mahali pa kweli. Ni matamu kwa mtu wa mafumbo siku za theluji. Kwa anayeanza, jua tu kwamba ukienda moja kwa moja ilipo alama ya bluu hutakuta kitu, na utarudi ukiuchukia mchezo bure.

Yanayowahusu wote

Kupe ni wengi kuanzia majira ya kuchipua, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Soksi juu ya suruali, dawa ya wadudu, na ukaguzi wa mwili mzima mkifika nyumbani, nyuma ya masikio na makwapani. Kasha la kawaida ndilo linalokuweka hatarini zaidi, kwa sababu ndilo linalokutoa njiani. Kuna pia mmea wa majani matatu matatu, hutambaa chini au hukwea miti, na utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Ni upupu wa huku, tofauti ni kwamba upupu hukuonya mara moja, huu hungoja hadi kesho yake au keshokutwa. Wafundishe watoto kuhesabu majani kabla ya kuingiza mkono.

Hifadhi kadhaa huruhusu uwindaji katika baadhi ya maeneo yake. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki huku Ohio huangukia mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Vaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, au chagua wiki nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya Wazungu huwa hayalitaji. Mtu mweusi anayezunguka mti mara tatu, akichungulia kila upande, huvuta macho. Mara moja askari wa hifadhi alisimamisha gari akaniuliza nimepoteza nini. Nilimwonyesha ukurasa wa kasha kwenye simu, akatabasamu na kuniambia niangalie juu badala ya chini. Askari wengi wanaujua mchezo. Hata hivyo mimi hufungua ukurasa kabla ya kuacha njia, hupenda makasha ya mchana na ya njia zenye watu, na sioni aibu kuliacha kasha ambalo mahali pake hapanipi amani.

Ukichagua kwa hali yako

Una watoto wa chini ya miaka minane na ni mara yenu ya kwanza: makasha ya kawaida mawili au matatu, ukubwa wa wastani au zaidi, nyota zisizozidi 2, yaliyopatikana ndani ya mwezi huu. Beba vitu vitano vidogo vya kubadilishana, shanga au sarafu za nyumbani. La kwanza liwe rahisi kupindukia.

Una kijana wa miaka kumi na tatu anayeburura miguu: kasha la vituo vitatu au vinne, mwachie yeye fomula na simu, wewe beba maji. Usimsahihishe hadi ziwa litakapomsahihisha.

Kama mnakwenda umri mchanganyiko, bibi, wazazi na mtoto wa chekechea, nisingechagua aina moja. Panga kasha la ardhi kwenye njia iliyosakafiwa liwe ndiyo safari, kisha tafuta kama lipo la kawaida karibu na maegesho au eneo la kulia chakula, la kumnyamazisha mdogo. Jirani yangu, kumbe, mama mkwe wake alikuwa naye siku hiyo, na hivyo ndivyo tulivyomalizana.

Uko peke yako na saa mbili: la kawaida, mchana. Uko peke yako na siku nzima: la vituo, lakini mwachie mtu ujumbe unaokwenda wapi na unarudi saa ngapi, kwa sababu makorongo yaliyokata mtandao wako yatakata pia simu ya kuomba msaada.

Theluji ikiwa imelala, makasha ya kawaida ya chini hufunikwa na vibao vya vituo huganda. Soma maandishi ya walioenda majira hayohayo mwaka jana. Makasha ya ardhi ya maporomoko huwa mazuri wakati huo, barafu ikining'inia ukingoni, ila ngazi zinateleza kama sabuni na mzee umwache nyumbani.

Na ukienda Ash Cave na mtu wa rika la mama yangu, usisahau kiti cha kukunja. Atataka kukaa barazani, na hatataka kuondoka haraka.